Monika ni jina la Kiafrika

Mwalimu aitaye orodha ya wanafunzi katika shule za Kibera au Kawangware aghalabu hulikuta jina Monika, liwe limeandikwa Monica au Monicah. Wengi wetu huliita jina la Kizungu, na wapo vijana wanaoliacha kwa kudhani kuwa ni masalio ya ukoloni. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa.

Monika aliyelipa jina hili umaarufu alizaliwa mnamo mwaka 331 au 332 huko Thagaste, mji ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Warumi ndio waliotawala, lakini wenyeji walikuwa Waberberi. Wapo waliolinasibisha jina hilo na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuonya. Wataalamu wengi, hata hivyo, hulihusisha na Mon, mungu aliyeabudiwa katika eneo hilo hilo kabla ya Ukristo kuenea.

Aliozwa kwa Patricius, mtu mwenye hasira kali na asiyekuwa mwaminifu katika ndoa. Alimvumilia miaka mingi, na mumewe akabatizwa muda mfupi kabla ya kufariki. Mwana wao Augustino, aliyezaliwa mwaka 354, ndiye aliyemliza zaidi. Kijana huyo mwenye akili nyingi aliiacha imani ya mamake, na mwaka 383 akamhadaa, akapanda chombo usiku kwenda Roma. Monika hakukata tamaa. Alivuka bahari, akamfuata hadi Milano, na huko akamwona akibatizwa na Askofu Ambrosi wakati wa Pasaka ya mwaka 387.

Mwaka huo huo, wakiwa katika bandari ya Ostia njiani kurudi Afrika, aliugua homa akafariki, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Kwa muda mrefu alikuwa ametaka kuzikwa kando ya mumewe, lakini mwishowe aliwaambia wanawe wasihangaike na mahali pa kaburi. Habari zake twazijua kwa sababu mwanawe aliziandika katika kitabu chake cha Maungamo.

Mwili wake ulibaki ng'ambo. Jina lilirejea barani pamoja na wamisionari, likatolewa kwa wasichana waliobatizwa. Limedumu kwa sababu mbili. Kwanza, silabi zake zote, mo-ni-ka, huishia kwa irabu, kama zilivyo silabi nyingi za lugha zetu za Kibantu. Margaret na Agnes huhitaji kuongezewa irabu ili yatamkike kwa urahisi; Monika halihitaji. Pili, jamii zetu nyingi humpa mtoto jina la nyanyake, hivyo jina la ubatizo la kizazi kimoja huwa urithi wa kizazi kingine.

Neno Kibera lenyewe latokana na Kinubi, lugha iliyoletwa na askari kutoka Sudan, nalo lina maana ya msitu. Hakuna anayeliona geni leo. Basi mwalimu asimwambie msichana wa Kawangware kwamba jina lake ni la watu wengine kabla ya kuuchunguza usuli wake. Amweleze kwamba aliyelitukuza alikuwa mama Mwafrika aliyemfuatilia mwanawe hadi ng'ambo ya bahari. Kina mama wa namna hiyo tungali nao, Kibera na Kawangware, wawe wanaitwa Monika au la.