Paul Gerhardt na Bustani ya Mungu

Wako watu wadhanio ya kuwa kufurahia maua na ndege ni kazi ya mtu asiye na taabu, aliyeshiba na kulala salama. Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mtu aliyejua misiba mingi, naye aliuona wema wa Mungu hata katika majani ya kondeni. Mtu huyo ni Paul Gerhardt, mchungaji wa Kilutheri na mtunga nyimbo.

Alizaliwa mwaka 1607 katika mji mdogo wa Gräfenhainichen, Ujerumani. Alipokuwa na umri wa miaka 11, vilianza vita vikuu vilivyodumu miaka 30, tangu 1618 hata 1648. Baba yake alikufa mwaka 1619, na mama yake mwaka 1621, naye akabaki yatima. Mwaka 1628 aliingia chuo kikuu cha Wittenberg, mji ule ule alimofundisha Martin Luther. Mwaka 1637 askari wa Sweden waliuchoma moto mji alimozaliwa. Katika miaka ile njaa na tauni ziliua watu wengi sana, na mashamba mengi yakageuka mapori. Gerhardt hakupata usharika wa kuuchunga hata mwaka 1651, alipokuwa mtu wa miaka 44. Ndipo alipotumwa Mittenwalde, karibu na Berlin.

Mwaka 1653, miaka 5 tu baada ya vita kwisha, wimbo wake juu ya wakati wa joto ulichapishwa katika kitabu cha nyimbo cha Johann Crüger, kiongozi wa waimbaji wa Berlin. Katika nchi ile, wakati wa baridi miti mingi hupukutika majani, na theluji huifunika ardhi. Kisha jua hurudi, na kila kitu huwa kama kimefufuka. Katika beti 15 Gerhardt auita moyo wake mwenyewe utoke nje ukatazame. Ayataja maua, kuku na vifaranga vyake, korongo na mbayuwayu, vijito, kondoo na wachungaji wao, nyuki, mizabibu na ngano. Viumbe vyote vikiimba, yeye hawezi kunyamaza.

Lakini hakuishia kwenye maua. Beti zilizosalia zainua macho juu. Kama dunia hii maskini imepambwa hivi, bustani ya Kristo mbinguni itakuwaje? Tena aomba ya kwamba yeye mwenyewe afanywe mti mwema, wenye mizizi na matunda, katika shamba la Mungu.

Je, furaha hiyo ilidumu? Ilijaribiwa sana. Mwaka 1655 alimwoa Anna Maria Berthold. Mungu aliwapa watoto watano, na wanne wakafa wangali wadogo. Mwaka 1657 aliitwa kuwa mchungaji katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, Berlin. Huko mtawala wa Brandenburg aliwataka wachungaji watie sahihi amri yake juu ya mahubiri na mabishano ya imani. Gerhardt aliona ya kuwa akitia sahihi ataukana ungamo la Kilutheri, akakataa; basi mwaka 1666 aliondolewa kazini. Watu wa mji walimwombea, na mwaka 1667 mtawala akakubali arudi pasipo sahihi. Lakini alitazamiwa kuishika amri ile ile, na dhamiri yake haikumruhusu. Mwaka 1668 mkewe akafa. Mwaka uliofuata alianza kazi Lübben, akawatumikia Wakristo wa huko hata alipofariki mwaka 1676.

Ametuachia nyimbo zaidi ya 130, na nyingi zaimbwa hata leo katika makanisa ya Kilutheri.

Basi sisi nasi tujifunze kwake. Maua hayakumrudishia wazazi wala watoto, wala hayakumpatia kazi. Yalimshuhudia tu ya kuwa Yeye ayavikaye hakuusahau ulimwengu ulioharibiwa na watu. Mwalimu aendaye kufundisha apita kati ya mashamba na miti kila siku. Asipite kama kipofu. Naye aliye katika msiba asidhani ya kuwa uzuri huo si wake. Atoke nje, atazame, kisha amwombe Bwana amfanye yeye naye mti uzaao matunda.