James Grant na Picha Zake Pacha

Swala granti mnamjua. Lakini mtu ambaye swala huyo alipewa jina lake, wengi wetu hapa Mandewa hatumjui, naye alipita katika mkoa wetu huu kwa miguu.

James Augustus Grant alizaliwa Nairn, Uskoti, tarehe 11 Aprili 1827. Akawa askari Bara Hindi, na katika vita vya Lucknow mwaka 1857 akajeruhiwa mkono, akapoteza vidole. Hata hivyo, Agosti 1860 alifika Unguja pamoja na John Hanning Speke, wakitafuta chanzo cha mto Nile, na katika mizigo yake mlikuwamo mashine ya kupigia picha pacha.

Inua kidole mbele ya pua yako. Fumba jicho moja, kisha la pili: kidole huonekana kuruka. Kila jicho huona kwa upande wake, na ubongo hupima umbali kwa tofauti hiyo. Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838, akaunda chombo cha kutazamia michoro miwili pamoja, kitu kikaonekana kimesimama mbele yako kama kweli. Picha pacha alizopiga Grant Unguja ni miongoni mwa picha za kale kabisa za huko zilizosalia.

Lakini siku zile mpiga picha alishughulika na vioo na dawa ndani ya hema dogo lililozibwa mwanga. Katika joto la nchi yetu, hema lile lilikuwa tanuru. Speke akahofu kazi hiyo itamwua mwenzake, akamwachisha. Tangu hapo Grant akachora kwa mkono.

Basi walipovuka Mgunda Mkali, pori la upande wa Manyoni, mwishoni mwa 1860, kwa mvua na njaa, wapagazi wengi wakitoroka, hapakuwa na picha pacha. Tumebaki na kalamu yake tu.

Siku hizi kompyuta huchukua picha moja, ikakisia kipi kiko mbele na kipi nyuma, ikaichezesha kama sinema. Nimeona mti ukisogea mbele ya nyumba, nikafurahi sana. Ila ukuta uliojitokeza nyuma ya mti ule kompyuta iliubuni. Mpiga picha hakuuona. Mchoro wa Grant ukichezeshwa hivyo, tutaona pori ambalo hakuna aliyelipita. Katika zile za Unguja umbali umo tayari, kwa kuwa ulipimwa pale pale.

Huko Karagwe mguu ulimwuguza miezi mingi. Speke akatangulia Buganda, na tarehe 28 Julai 1862 akayafikia maporomoko ambapo Nile hutoka ziwani, Grant hayupo. Mimi ningenung'unika, yeye alibaki rafiki mwaminifu. Mwaka 1864 alitoa kitabu cha safari yao, na alifariki Nairn tarehe 11 Februari 1892. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, mjini Edinburgh.