Richard Drew: Kijana wa msasa aliyeokoa rangi za magari

WENYE magari wengi wanaolipia kubandikiwa plastiki angavu ya kulinda rangi na taa za mbele huuliza kama itashika vizuri. Fundi mzoefu huwa na swali jingine kichwani: siku ya kuibandua, itatoka bila kuondoka na rangi?

Swali hilo lina zaidi ya miaka 100. Aliyelipatia jibu la kwanza lililouzika ni Mmarekani Richard Gurley Drew, kijana aliyeacha chuo na ambaye kazi yake wakati huo ilikuwa kupeleka sampuli za msasa kwenye gereji.

Drew alizaliwa Juni 22, 1899 katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota. Alisoma uhandisi kwa kipindi kifupi katika Chuo Kikuu cha Minnesota, huku akipiga banjo kwenye bendi za dansi ili apate karo. Baadaye aliacha chuo na kuendelea na masomo ya ufundi kwa njia ya posta. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 aliajiriwa kama msaidizi wa maabara katika kampuni ya Minnesota Mining and Manufacturing, ambayo leo inajulikana duniani kwa jina la 3M.

Wakati huo haikuwa kampuni ya kujivunia. Ilianzishwa mwaka 1902 na wafanyabiashara watano walioamini wamepata machimbo ya madini magumu ya kusagia vyuma, kumbe jiwe lenyewe halikuwa na ugumu uliotakiwa. Ikabidi wanunue malighafi kwa wengine na kutengeneza msasa. Mwaka 1921 walipata bidhaa iliyowainua, yaani msasa wa maji, ambao uliwapunguzia mafundi rangi vumbi lililokuwa likijaa gereji nzima.

Drew alitumwa kuujaribu msasa huo katika gereji za St. Paul. Siku moja mwaka 1923 aliwakuta mafundi wakiporomosha matusi mbele ya gari lililoharibika.

Miaka hiyo mtindo uliotamba Marekani ni gari la rangi mbili. Ili rangi ya pili isivuke mpaka, fundi alifunika sehemu iliyokwisha pakwa kwa magazeti au karatasi ya buchani, akaishikiza kwa gundi au plasta ya hospitali. Kubandika hakukuwa na shida. Shida ilikuja wakati wa kubandua, maana gundi ilikuwa kali mno na ilinyofoa rangi mpya. Kazi ya siku kadhaa ilianza upya, na hasara ilikuwa ya mwenye gereji.

Drew aliwaahidi mafundi wale kuwa atawatengenezea tepu isiyoharibu rangi. Hakuwa na utaalamu wowote wa gundi, wala kampuni yake haikuwa na biashara ya tepu. Hata hivyo, alirudi maabara akaanza kuchanganya mafuta ya mimea, utomvu wa miti na gundi za aina mbalimbali. Alihitaji kitu kigumu kupatikana: gundi inayoshika kwa kugandamizwa kwa kidole tu, bila maji wala moto, na inayoachia inapovutwa.

Majaribio yalichukua karibu miaka miwili. William McKnight, aliyekuwa akiiendesha kampuni, alimtaka aache mchezo huo na kurudi kwenye msasa unaoleta fedha. Drew alitii kwa muda mfupi, kisha akarudia gundi zake. Safari hii McKnight alimwona akaamua kunyamaza.

Karatasi ya kawaida nayo ilimsumbua, kwani ilichanika na haikukubali kufuata mikunjo ya bodi. Ufumbuzi ulikuwa karatasi ya krepi, yenye vikunjo vidogo vidogo vinavyoiwezesha kunyumbulika. Kwa gundi alifika kwenye ile ya seremala iliyochanganywa na gliserini.

Ilibaki mashine ya kutengenezea tepu kwa wingi. Drew aliomba fedha, McKnight akakataa. Kwa mujibu wa simulizi za kampuni hiyo, mtafiti aliruhusiwa kuidhinisha manunuzi yasiyozidi Dola 100 za Marekani bila kumuuliza mtu. Drew aliandika hati moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa ya Dola 99, mpaka mashine ikakamilika.

Kwa lugha ya mhasibu huko ni kukwepa taratibu, na katika ofisi nyingi angeandikiwa barua ya kujieleza. Alikiri baadaye, tepu ilipokuwa tayari inauzwa, na hakufukuzwa. McKnight alijifunza kitu hapo. Mwaka 1948 aliweka kwenye maandishi msimamo wake kuwa mfanyakazi mwenye wazo aachiwe nafasi hata akikosea, na 3M ikajenga desturi ya kuwaruhusu watafiti wake kutumia asilimia 15 ya muda wao kwa mawazo yao wenyewe. Kwa kampuni yenye fedha za kupoteza hilo linawezekana. Kwa karakana ya watu watatu ni hesabu nyingine.

Tepu ya kupakia rangi iliingia sokoni mwaka 1925. Inasimuliwa kuwa ile ya majaribio ilipakwa gundi pembeni tu, ikadondoka, na fundi mmoja akamwambia Drew airudishe kwa mabosi wake wabahili, akiwaita Waskoti, watu ambao Wamarekani wa wakati huo walipenda kuwatania kwa ubahili. Jina la Scotch likabaki kuwa la biashara.

Mwaka 1929 kampuni moja ya St. Paul iliomba tepu isiyopitisha maji, kwa ajili ya vizuia joto vya mabehewa ya kubebea vyakula vya baridi. Drew aligeukia selofani, plastiki angavu iliyokuwa mpya sokoni. Ilijikunja kwenye joto, ilipasuka mashineni na gundi haikutandaa sawasawa. Aliipaka kwanza tabaka la kushikia, kisha gundi isiyo na rangi. Septemba 1930 bunda la kwanza lilipelekwa kwa mteja jijini Chicago. Mdororo mkubwa wa uchumi ulikuwa umeanza, na watu wasio na fedha za kununua vipya waliitumia kuunga vitabu, mapazia na hata noti zilizochanika. Leo hapa kwetu tunaiita selotepu, jina lililotokana na la mshindani wa Uingereza.

Plastiki ya kulinda rangi ya magari haikuvumbuliwa na Drew, ambaye alistaafu mwaka 1962. Ilitokana na plastiki ya polyurethane ambayo 3M ilitengeneza kulinda mapanga ya helikopta za jeshi la Marekani dhidi ya mchanga wakati wa vita vya Vietnam. Baadaye ikaingia kwenye magari ya mashindano, kisha ya kawaida. Lakini inashikizwa kwa gundi ya ukoo ule ule aliouhangaikia: inayogandamizwa na kubanduka.

Ubandikaji wake unadai usafi kuliko nguvu. Gari huoshwa hadi chembe ya mwisho, hunyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo ili plastiki iteleze mahali pake, kisha maji husukumwa nje kwa kipande cha mpira. Kwenye kona hupashwa joto ivutike. Taa za mbele, ambazo siku hizi ni za plastiki, hupauka na kuwa njano kwa jua. Magari mengi yaliyotumika yanayoshuka bandari za Mombasa na Dar es Salaam yana tatizo hilo. Kubandika juu ya taa iliyopauka ni kufungia unjano ndani. Lazima isuguliwe kwanza, na kifaa cha kuisugulia ni msasa wa maji.

Fundi makini pia huuliza kama gari limewahi kupakwa rangi upya. Rangi ya kiwandani hustahimili kubanduliwa. Rangi ya gereji iliyopakwa kwa haraka inaweza kutoka pamoja na plastiki, kama ilivyokuwa St. Paul mwaka 1923.

Drew alifariki dunia Desemba 14, 1980 huko Santa Barbara, California, akiwa na umri wa miaka 81. Aliacha hataza 30 zenye jina lake. Mwaka 2007 aliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani.