Kathleen Drew-Baker, Mama wa Bahari

Hapa Lukafu bahari tunaisikia tu. Lakini leo tunamkumbuka mwanamke ambaye Wajapani wanamwita Mama wa Bahari.

Kathleen Drew alizaliwa Uingereza mwaka 1901. Alisomea mimea katika Chuo Kikuu cha Manchester, kisha akafundisha hapo. Mwaka 1928 aliolewa na Henry Wright Baker. Chuo hakikuajiri wanawake walioolewa, basi akapoteza kazi. Hata hivyo aliendelea kuchunguza mwani, yaani majani ya baharini, bila mshahara.

Huko Japani watu walilima mwani uitwao nori bila kujua mbegu yake inatoka wapi. Baada ya vita mavuno yaliharibika, na familia nyingi zikakosa riziki. Mwaka 1949 Kathleen alitangaza alichogundua katika mwani wa jamii hiyo ulioko Uingereza: sehemu ya maisha yake unajificha ndani ya maganda ya konokono na chaza, ukiwa nyuzi nyembamba ambazo wataalamu walizidhania mmea mwingine. Wajapani wakaanza kuotesha mbegu ndani ya maganda ya chaza, na mavuno yakarudi.

Alifariki mwaka 1957 bila kufika Japani. Mwaka 1963 alijengewa mnara wa ukumbusho huko Uto, na kila tarehe 14 Aprili watu hukusanyika kumkumbuka.

Makanisani mwetu wako mama na dada wanaotumika bila malipo wala cheo. Tusingoje kuwajengea mnara ndipo tuwashukuru.