Terzaghi: Mhandisi aliyeuhoji udongo kabla ya kuujengea

WAKAZI wa Nairobi wanaokunywa maji ya bwawa la Sasumua, Kinangop, wana deni la shukrani kwa Karl Terzaghi, mwasisi wa sayansi ya udongo wa ujenzi.

Terzaghi alizaliwa Oktoba 2, 1883, mjini Prague, uliokuwa chini ya milki ya Austria. Alisomea uhandisi wa mitambo mjini Graz, lakini jiolojia ikamteka moyo. Enzi hizo, wahandisi walikadiria nguvu za ardhi kwa kubahatisha.

Akifundisha mjini Istanbul kuanzia 1916, alifanya majaribio kwa vifaa duni alivyojiundia. Alibaini kwamba mzigo ukiwekwa juu ya udongo wa mfinyanzi uliolowa, maji yaliyonaswa kati ya chembe ndiyo hulemewa kwanza. Yanapochujuka polepole, chembe hukaribiana na jengo hutitia, pengine kwa miaka mingi. Kitabu chake cha 1925 kilizindua taaluma mpya.

Taaluma hiyo ilitiwa kwenye mizani jijini Chicago, Marekani, reli ya chini ya ardhi ilipoanza kuchimbwa mwaka wa 1938. Jiji hilo limekalia udongo laini ulioachwa na barafu kuu ya kale. Barafu hiyo ilisaga miamba na kuacha mfinyanzi, mchanga na kokoto bila mpango: hapa pagumu kama saruji, pale pororo kama uji. Majengo marefu yangeweza kutitia. Terzaghi alishikilia kwamba lazima iwepo maabara, ikasimamiwa na kijana Ralph Peck. Udongo ulipimwa kadiri kazi ilivyoendelea, na uchimbaji ukarekebishwa kulingana na vipimo.

Miaka ya 1950 aliitwa kushauri kuhusu Sasumua. Udongo wake mwekundu, uliotokana na miamba ya volkeno, ulishika maji mengi na kuwa mwepesi mno. Kwa vigezo vilivyozoeleka Ulaya na Marekani, ulistahili kutiliwa shaka. Terzaghi hakuuhukumu kwa vigezo vya ugenini. Uchunguzi ulionyesha kwamba madini yake, haloisiti, hujikusanya katika vichembe vigumu vyenye vinyweleo, hivyo ulikuwa imara. Bwawa likajengwa kwa udongo huo huo, naye akaeleza matokeo katika makala ya 1958.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa bwawa la Mission, British Columbia, Kanada, lililokamilika 1960. Bonde lake limejaa masimbi ya enzi za barafu, ukiwemo mfinyanzi unaobonyea. Kwa kuwa kutitia hakungeepukika, alilisanifu bwawa liweze kustahimili hali hiyo bila kuvuja.

Terzaghi alifariki Oktoba 25, 1963, nchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 80. Mwaka wa 1965 bwawa hilo lilipewa jina lake. Funzo lake lingali hai kwa kila anayechimba msingi: vigezo vya kwingine havitoshi, sharti upime udongo ulio chini ya miguu yako.