Marehemu Okot p'Bitek na Chuo cha Ufukweni

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi vijana mlioko madarasani hivi sasa,

Mhariri ametuomba kila mmoja aandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki, ambaye mfano wake umemfaa. Najua wengine watamwandika Mwalimu, na wengine Shaaban Robert. Mimi nimemchagua Mganda, marehemu Okot p'Bitek, mtunzi wa Wimbo wa Lawino. Wale wa kidato chetu watakumbuka kwamba kitabu hicho tulikisoma katika tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa, nakala moja kwa wanafunzi watano, mpaka kurasa za mwanzo zikabanduka. Tulicheka sana. Tulimcheka Ocol, yule mume msomi anayemwonea haya mke wake wa kijijini, na hakuna hata mmoja wetu aliyedhani kwamba anasemwa yeye.

Sababu yangu ya pili ni kwamba mimi na marehemu tulisoma katika mji mmoja, ingawa kwa nyakati mbalimbali. Mji huo ni Aberystwyth, pwani ya magharibi ya Wales. Mimi nilifika huko mwaka 1984 kusomea ukutubi, naye alikuwa amekwisha fariki miaka miwili kabla.

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, na mama yake alikuwa mtunzi na mwimbaji wa nyimbo za Kiacholi mwenye sifa kubwa katika sehemu zile. Nyumba moja basi ilikuwa na chaki na ngoma, na mtoto akakulia kati ya vitu hivyo viwili. Alisoma Gulu High School, kisha King's College Budo, ambako akiwa bado mwanafunzi alitunga mchezo wa kuimba. Akasomea ualimu Mbarara, akarudi kufundisha karibu na kwao. Mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 22, alitoa riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, kwa Kiacholi. Vijana, liangalieni jambo hilo vizuri: kitabu chake cha kwanza hakukiandika kwa lugha ya mtihani.

Kilichompeleka Uingereza si kalamu bali mpira. Alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya Uganda, na mwaka 1956 timu hiyo ilifanya ziara Uingereza, wengi wa wachezaji wakicheza pekupeku, kama walivyofanya Wanaijeria mwaka 1949 na vijana wa Gold Coast mwaka 1951. Waingereza walijaa viwanjani kutazama miguu. Ziara ilipokwisha wenzake walirudi nyumbani, yeye akabaki kusoma. Alianza na elimu ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Bristol, na katika miaka hiyohiyo ule Ukristo aliolelewa nao shuleni ukamtoka. Kutoka Bristol akaenda Aberystwyth kusomea sheria, akapata shahada yake.

Hapa naomba ruhusa nikae kidogo, maana wengi wanaoandika habari zake huupita mji huu kwa mstari mmoja tu.

Aberystwyth ni mwisho wa reli. Treni ikifika pale haina pengine pa kwenda, mbele ni Ghuba ya Cardigan. Sisi tuliozaliwa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea jua kuchomoza baharini. Kule linazama baharini, na jioni ya kwanza jambo hilo lilinikosesha raha kama mtu aliyevaa shati nyuma mbele. Ufuko hauna mchanga mweupe, ni kokoto nyeusi, na dhoruba za baridi huzitupa kokoto hizo juu ya barabara mpaka watu wakazizoa kwa sepetu. Wanachuo wana desturi ya kutembea ufukweni mpaka mwisho wa njia, chini ya kilima, na kuupiga teke uzio wa chuma kabla ya kugeuka. Ukiuliza sababu hupewi. Nami niliupiga, kila Jumapili, mwaka mzima.

Chuo chenyewe kilifunguliwa mwaka 1872 kikiwa na wanafunzi 26, ndani ya jengo lililokuwa limeanzwa kama hoteli kubwa ya watalii ukingoni mwa bahari. Mwenye hoteli alifilisika, na watu wa Wales wakalinunua kwa paundi 10,000. Fedha hazikutoka kwa serikali. Zilikuwa michango, na baadaye makanisa yalikusanya hata senti za wakulima, wachimba makaa na wachonga mawe ili chuo kisifungwe. Sisi tulioimbishwa nyimbo za kujitegemea tungekielewa chuo hicho mara moja.

Jambo lililo kubwa zaidi ni la sheria. Wales ilikuwa na sheria zake za kale, ambazo husemwa zilikusanywa na mfalme Hywel Dda katika karne ya 10. Miswada ya kale ya sheria hizo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Wales, juu ya kilima cha Aberystwyth, na mimi nimepata bahati ya kuuona mmoja ndani ya sanduku la kioo. Mwaka 1536 Bunge la Uingereza liliamuru sheria ya Kiingereza itawale Wales, na Kiingereza kiwe ndiyo lugha ya mahakama. Kwa hiyo Mwacholi huyu kutoka koloni alisomea sheria za Kiingereza katika nchi ambayo nayo sheria zake zilikwisha wekwa makavazini. Mwaka 1957, huku yeye akiwa bado mwanafunzi Uingereza, Bunge la London lilipitisha sheria ya kulifunika kwa maji bonde la Tryweryn, pamoja na kijiji kilichosema Kiwelisi, ili mji wa Liverpool upate maji. Karibu wabunge wote wa Wales hawakuunga mkono, na haikusaidia kitu. Mpaka leo, ukisafiri kwa basi kusini ya Aberystwyth, utaona kando ya barabara ukuta wa nyumba iliyobomoka, umeandikwa kwa rangi maneno mawili ya kuwataka wapita njia wasilisahau bonde hilo.

Mimi nilipanga chumba kwa mama mmoja mzee. Yeye na wajukuu zake walisema Kiwelisi, lakini nilipoingia jikoni walinyamaza kidogo, kisha wakahamia Kiingereza kwa ajili yangu. Jioni moja akaniuliza nyumbani kwetu tunasema lugha gani. Ndugu zangu, nilimjibu kwamba tunasema Kiingereza. Nilijibu bila kufikiri, tena kwa majivuno, na mama yangu mzazi hajui neno moja la Kiingereza mpaka anaingia kaburini. Yule mzee akaniangalia, akauliza tena taratibu, kama mtu anayedhani hakusikika vizuri: lugha gani, ile ya mama yako?

Ndipo nikamweleza habari za kibao. Wenzangu mnakikumbuka. Kilikuwa cha mninga, kina kamba ya katani, na aliyesikika akisema Kiswahili alikivaa shingoni mpaka amnase mwenzake. Aliyekutwa nacho jioni alipata viboko. Yule mama hakushangaa hata kidogo. Akasema bibi yake alipokuwa mtoto alikivaa cha kwao: kipande cha mbao chenye herufi mbili, W na N, cha mtoto aliyesema Kiwelisi shuleni. Nacho kilihamishwa kutoka mtoto hadi mtoto, na wa mwisho alichapwa. Kumbe kibao chetu kilikuwa na babu.

Wiki hiyo nilikwenda maktaba, nikakichukua tena kitabu cha Okot, safari hii cha Kiingereza. Katika maelezo mafupi ya maisha ya mtunzi nikaona jina la Aberystwyth. Nilisimama pale kati ya makabati kwa muda mrefu. Mtu niliyedhani ni wa Gulu na Kampala tu alikuwa ametembea kwenye kokoto hizihizi na shahada ya sheria mkononi, naye hakurudi kwao akiwa Ocol.

Turudi kwake. Mwaka 1960 alikwenda Oxford kusomea elimu ya jamii na mila. Katika mhadhara wa kwanza kabisa mwalimu aliwataja Waafrika na watu wengine wasio wa Ulaya kwa majina ya ushenzi na ukabila, naye akapinga, lakini hakusikilizwa. Hakuondoka. Alivumilia, akaandika tasnifu juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walango, kisha mwaka 1970 akalieleza jambo hilo katika dibaji ya kitabu kilichowahoji wataalamu haohao wa dini za Kiafrika.

Kitabu hicho kina kisa kimoja ambacho mimi hukiona kama kazi ya mwanasheria, ingawa hakufanya kazi ya uwakili. Mapadri Wataliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kijaluo cha wazee wale hakikuwa na neno la kuumba, kwa hiyo swali likageuzwa: nani aliyewafinyanga? Wazee wakasema hawajui, mtu huzaliwa na mama yake. Mapadri wakashikilia wapewe jibu. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima huweza kupatwa na ugonjwa wa uti wa mgongo, akapinda, na anayempinda hivyo huitwa Rubanga. Basi akajibu kwamba ni Rubanga. Na jina la pepo wa kibiongo likawa jina la Mungu katika vitabu vya dini. Okot hakuwalaumu wazee. Alilishika swali lenyewe, na aliyeuliza.

Aliporudi Uganda alifanya kazi ya elimu ya watu wazima chini ya Makerere huko Gulu, akaanzisha tamasha la sanaa. Mwaka 1966 East African Publishing House ya Nairobi ikatoa Song of Lawino, ambayo mwenyewe aliifasiri kutoka Kiacholi chake. Mwaka huohuo Gwynfor Evans, ambaye naye alisoma sheria Aberystwyth kisha Oxford, alichaguliwa kuwa mbunge wa kwanza wa chama cha kitaifa cha Wales. Sisemi walijuana. Nasema tu chuo kidogo cha ufukweni kilikuwa na wanafunzi wa namna hiyo.

Okot akafanywa mkurugenzi wa jumba la utamaduni la Kampala, lakini hakudumu. Alikuwa na mdomo usiofungika, na mwaka 1968 alipoteza kazi, akahamia Kenya. Huko Kisumu alianzisha tamasha jingine. Akafundisha Nairobi, akaenda Iowa, Marekani, baadaye Ife, Nigeria. Kitabu chake cha nyimbo mbili, wimbo wa mfungwa na wimbo wa malaya, kilipewa tuzo ya Kenyatta ya fasihi mwaka 1972. Miaka yote Amin alipotawala alikuwa nje ya nchi yake. Wasiopenda kazi yake walisema anawataka Waafrika warudi nyuma, na mimi nakiri kwamba Lawino anatia chumvi mara nyingine. Mwanamke anayedhihaki saa ya ukutani hawezi kuendesha hospitali. Lakini Okot alijua hilo, ndiyo maana mwaka 1970 alimpa Ocol naye nafasi ya kujibu. Na jibu la Ocol linasikitisha kuliko mashtaka.

Mwaka 1982 alirudi Makerere kuwa profesa wa utunzi. Mwezi Julai mwaka huo alifariki, akiwa na miaka 51 tu. Novemba ya mwaka huo Wales ilipata televisheni ya Kiwelisi, baada ya Gwynfor Evans kutishia kufunga kula mpaka afe. Nilipofika kule, mama mwenye nyumba alikuwa akiitazama kila jioni, na wajukuu wakagombania kiti.

Nimebakiza neno moja, na ni la kwetu wenyewe. Mwaka 1978 mimi ndiye niliyekuwa kiranja wa taaluma. Kibao kililala chini ya mto wangu, na asubuhi nilikitoa mimi. Kulikuwa na kijana mmoja wa kidato cha kwanza ambaye Kiingereza chake hakikuzidi maneno kumi. Nilimvisha kibao siku nne mfululizo. Siku ya tano akaacha kusema. Hakusema Kiswahili wala Kiingereza, darasani wala bwenini, na mezani akitaka chumvi aliionyesha kwa kidole. Nami niliandika katika daftari la viranja kwamba amejirekebisha.

Nimeleta nakala mbili za Wimbo wa Lawino kwa ajili ya maktaba ya shule, zimo katika kabati la ushairi. Na katika orodha ya watakaohudhuria mkutano wetu wa Desemba, ambayo mhariri amenitumia, nimeliona jina la kijana yule. Nimeomba niwekwe meza moja naye.