Burt Munro: mzee wa garaji na moto yake ya mwaka wa 1920

Mafundi wa moto wa Goma, Bukavu ao Bunia wanaijua vizuri ile siku ambapo piyesi inayotafutwa haiko sokoni, na mwenye moto amesimama pembeni anangoja. Siku ya namna hiyo fundi anatafuta chuma kingine, anakikata, anakipiga tupa, mpaka kiingie fasi yake. Kuna mtu mmoja aliyeishi namna hiyo si kwa siku moja, lakini kwa zaidi ya miaka 40, na karibu nguvu zake zote zilienda kwa moto moja. Jina lake ni Burt Munro, mwenyeji wa New Zealand, ile inchi ya visiwa iliyo kusini-mashariki ya Australia. Alikufa mwaka wa 1978, lakini mwendo aliofikia unazungumzwa mpaka leo popote watu wa moto wanapokutana.

Herbert James Munro alizaliwa tarehe 25 Machi 1899, upande wa Invercargill, mji ulio kusini kabisa mwa New Zealand. Alizaliwa pacha, lakini dada yake alikufa wakati wa kuzaliwa. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba, na kijana huyu alikulia kati ya farasi na mashini za kulimia. Mapema sana alionyesha kwamba anachopenda ni mwendo. Nyumbani hawakufurahia sana mambo hayo, sababu shamba lilihitaji mikono. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka wa 1914, alitamani kufikisha umri wa kuwa askari ili apate kuona dunia. Vita ikaisha yeye akiwa bado shambani.

Mwaka wa 1920 alinunua moto mpya aina ya Indian Scout. Hapa inafaa kueleza kidogo. Moto nyingi zinazobeba watu na mizigo mu Kivu na Ituri leo zinatoka India, lakini Indian si kampuni ya India. Ilikuwa kampuni ya Marekani, mu mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, na jina lake lilitokana na wenyeji wa asili wa bara la Amerika. Scout ilikuwa moto yao nyepesi kuliko zile kubwa walizotengeneza mbele yake. Motere yake ilikuwa na silinda mbili zilizosimama kama herufi V, ujazo wa sentimita 600 za mchemraba, na vitesi tatu zilizobadilishwa kwa mkono. Ile ya Munro ilikuwa kati ya Scout za kwanza kabisa kutoka kiwandani, namba 627.

Ikiwa mpya, mwendo wake wa juu ulikuwa kilometa 89 kwa saa. Ni mwendo ambao moto ya taksi ya leo inaweza kufikia kwenye lami nzuri. Kwa wakati ule haukuwa mbaya, lakini Munro hakuridhika. Mwaka wa 1926 akafungua motere ile na kuanza kuibadilisha. Kwa kweli hakuifunga tena kwa kusema imekwisha.

Kazi aliyoifanya inaeleweka na kila fundi. Katika motere ile ya kiwandani, supape zilikaa pembeni ya silinda. Hewa iliyochanganyika na esanse ililazimika kupita kwa kona ili kuingia, na moshi kupita kwa kona ili kutoka. Motere ya namna hiyo ni rahisi kutengeneza na inavumilia mengi, lakini haipumui vizuri. Munro alihamisha supape na kuziweka juu ya silinda, ili hewa iingie kwa nguvu na kutoka bila shida. Kiisha akapanua motere yenyewe. Kutoka 600 ikafika 850, kiisha 920, na mwisho 950.

Lakini nguvu ikiongezeka fasi moja, udhaifu unajitokeza fasi nyingine. Pistoni iliyotengenezwa kwa motere ndogo inapasuka. Biele, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni na kuzungusha motere, inakatika. Sheni inayopeleka nguvu nyuma inashindwa. Kila mara alipoponyesha ugonjwa mmoja, ugonjwa mwingine ulitokea. Mwishoni moto ile ilikuwa inaendeshwa kwa sheni tatu, sababu moja isingeweza kubeba nguvu ile.

Na piyesi zilitoka wapi? Si dukani. Feza ilikuwa haba, kiwanda kilikuwa ng'ambo ya bahari, na mwaka wa 1953 Indian ya Springfield iliacha kabisa kutengeneza moto. Munro alijitengenezea. Aliyeyusha chuma na kukimimina ndani ya mikebe ya zamani iliyotumika kama kalibu. Pistoni, silinda, na lile gurudumu zito la ndani ya motere, vyote vilitoka mikononi mwake. Biele alizichonga kutoka ekseli ya trakta kuukuu ya Caterpillar, kwa sababu alijua chuma kilichobeba trakta hakikatiki ovyo. Hata chombo chake cha kupimia unene wa piyesi hakikuwa cha dukani: alitumia waya wa gurudumu, ile reyo ya kawaida.

Mchana alikuwa mfanyakazi wa kuuza moto za watu wengine, na fundi pia. Mara nyingi alikesha mu garaji mpaka asubuhi, kiisha akanawa na kwenda kazini. Moto yake ya pili, Velocette ya Uingereza ya mwaka wa 1936, nayo aliifanyia vile vile mpaka ikawa na ujazo wa 650. Lakini mtoto wa kwanza moyoni mwake alibaki ile Scout.

Wengi wetu piyesi ikivunjika tunaitupa ao tunaiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Munro aliziweka. Mu garaji yake kulikuwa na kabati la mbao lililojaa pistoni zilizotoboka, biele zilizokatika na supape zilizopinda, na kwa mzaha aliandika hapo kwamba hizo ni sadaka zake kwa mungu wa mwendo. Kwa fundi, kabati lile lilikuwa na maana nyingine vile vile. Chuma kilichovunjika kinaonyesha kilivunjikia wapi: kama kilichoka pole pole, kama kilikosa mafuta, kama kilikuwa chembamba mno. Anayekitupa bila kukiangalia atavunja kingine fasi ile ile.

Garaji ile ilikuwa na bei yake, na haikulipwa kwa feza peke yake. Munro alioa mwaka wa 1925, mwaka mmoja mbele ya kuanza kubadilisha moto, akazaa na mke wake Beryl watoto wane. Mikesha ya baba ilipita kwa motere, si nyumbani. Kisha ya vita ya pili ya dunia bwana na bibi waliachana. Munro akaacha pia kazi ya mshahara na kuhamia ndani ya garaji yenyewe. Hapo kitanda chake na moto zake vilikuwa chini ya paa moja. Watu wanaosimulia ushindi wake mara nyingi wanapita haraka juu ya sehemu hii, lakini ni sehemu ya maisha yake sawa na zile nyingine.

Mbio zake za kwanza zilikuwa za kwao. Karibu na Invercargill kuna pwani ndefu ya mchanga mgumu inayoitwa Oreti Beach, na maji ya bahari yakishuka, pwani inakuwa kama barabara. Hapo alipima kila badiliko. Mwaka wa 1957, akiwa amekaribia miaka 58, alifikia hapo kilometa 211 kwa saa na kuweka rekodi ya New Zealand ya mbio za pwani. Ni wakati ule ule jina lake lilibadilika. Alikuwa anaandika Bert, lakini jarida moja la Marekani likakosea na kuandika Burt. Yeye hakulalamika, akalichukua jina lile jipya.

Pwani ile ilikuwa imeanza kuwa fupi. Kwa mwendo alioutaka, kulikuwa na fasi moja: Bonneville, mu jimbo la Utah, Marekani. Zamani za kale kulikuwa ziwa kubwa. Maji yalikauka, yakaacha uwanja wa chumvi, mweupe, mgumu na tambarare, usio na mti wala nyumba. Kutoka New Zealand mpaka kule ni kuvuka bahari yote ya Pasifiki. Uwanja ule uko kimo cha karibu meta 1,280 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Wanaoendesha moto mu milima ya Kivu wanajua maana yake: motere inapumua kwa shida kuliko pwani. Fundi aliyezoea Oreti Beach alilazimika kurekebisha kabureta upya.

Shida kubwa zaidi ilikuwa upepo. Mwendo ukipita kilometa 200 kwa saa, hewa inakuwa kama ukuta, na sehemu kubwa ya nguvu inamalizikia kusukuma hewa. Kwa hiyo Munro alitengeneza ganda refu lenye umbo kama la samaki, akalifunika juu ya moto na juu yake mwenyewe. Alilala ndani kifudifudi, uso mbele.

Mwaka wa 1962, akiwa na miaka 63, aliweka rekodi ya dunia kwa moto zisizozidi ujazo wa 883: kilometa 288 kwa saa. Mwaka wa 1966 aliweka rekodi ingine katika daraja la moto za 1000, kilometa 270 kwa saa. Na mu mwezi wa Agosti 1967, akiwa na miaka 68, na moto ikiwa na miaka 47, alifikia kilometa 295 kwa saa katika daraja lile lile. Rekodi hiyo haikuhesabiwa kwa mbio moja, ila kwa wastani wa mbio mbili. Mbio moja aliyoifanya ili akubaliwe kushindana ilipita kilometa 305.

Mwaka ule ule wa 1967 karibu afe. Kadiri alivyosimulia mwenyewe, moto ilianza kuyumba akiwa amepita nusu ya njia, mu mwendo wa kilometa 331 kwa saa ambao haukuandikwa kama rekodi. Ili kuipunguza, aliinua kifua. Upepo ukamnyang'anya miwani na kumpiga machoni, hakuona tena kitu. Moto ikatoka kwenye mstari na kupita karibu kabisa na nguzo ya chuma. Akaamua kuilaza ubavuni juu ya chumvi. Alitoka na mikwaruzo tu.

Alirudi Bonneville mara nyingi, jumla ya safari 10.  Mu miaka ya 1970 ugonjwa wa moyo ulimlazimisha kuacha mashindano. Mwaka wa 1977 alipatwa na ugonjwa wa kupooza, akaelewa kwamba mikono haitafanya tena kazi kama zamani. Aliuza moto zake mbili kwa mfanyabiashara mmoja wa Invercargill, ili zisitoke mu mji wao. Tarehe 6 Januari 1978 akafariki, na miaka yake 78. Mwaka wa 2005 filamu juu ya maisha yake ilionyeshwa, na mchezaji Anthony Hopkins akachukua nafasi yake. Tangu hapo watu wengi wasiojua hata kufungua bujie wanamjua Munro.

Lakini hesabu yake haikuwa imefungwa. Mwaka wa 2014, miaka 36 kisha ya kifo chake, mtoto wake John aliangalia tena namba za mwaka wa 1967 na kuona kwamba wastani ulihesabiwa vibaya. Aliandikia chama cha waendesha moto cha Marekani. Chama kikahesabu upya, kikakubali kosa: rekodi ile ilikuwa kilometa 296 na kidogo, si 295. Ni tofauti ya chini ya kilometa moja. Kwa mtu wa kawaida si kitu. Kwa mtu aliyekesha miaka mingi akipunguza chuma kwa tupa ili apate nusu ya milimeta, ni heshima aliyostahili. Na aliyeitafuta ni mmoja wa wale watoto ambao baba yao alikuwa anakesha garajini.

Moto ile bado iko Invercargill, ndani ya duka la vyuma la E Hayes, na kila mtu anaweza kuingia na kuiona. Anayeikaribia anaona alama za tupa na za nyundo. Mwendo wake umeongezeka zaidi ya mara tatu kuliko siku ilipotoka kiwandani. Hakuna kampuni iliyomlipa Munro kwa kazi hiyo, na hakuna shule ya mashini iliyomfundisha. Alikuwa na garaji, na kabati la vyuma vilivyovunjika alivyokubali kuviangalia.